Barua kwa mwanangu mfasiri: usikimbilie "heshima"

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Umeniambia kwamba katika mafaili uliyopewa kufasiri, kila ukikuta "honour" unaandika "heshima" na kusonga mbele. Pole pole, mama. Neno hilo Waingereza wanalitumia kwa mambo mengi, na mengine ni ya fedha tupu. Kabla hujaandika, jiulize: kitu hiki kikiondolewa, mwenyewe anapoteza nini? Jibu ndilo litakalokupa Kiswahili chake.

Anza na hundi. Benki ikii-"honour" hundi, imeilipa, basi. Ikii-"dishonour", imekataa kuilipa, hivyo andika "hundi iliyokataliwa na benki". Hakuna heshima ya mtu iliyovunjwa hapo. Lugha hii ni ya wafanyabiashara wa zamani. Iko katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hundi na hati za hawala, ambayo sheria ya Kenya, Sura ya 27, imeifuata kwa karibu sana.

Ndani ya sheria hiyo mna sehemu ngumu kidogo, itulizie akili. Mfanyabiashara ametoa hati inayomwamuru mtu fulani alipe siku fulani. Yule mtu amekataa kuikubali, na notari, yaani ofisa wa kisheria anayethibitisha hati, ameandika rasmi kwamba imekataliwa. Hapo mtu wa tatu, asiyedaiwa hata senti, anaweza kujitokeza na kuikubali "for honour", mradi anayeishika hati ameridhia na siku ya kulipa haijapita. Lazima aandike juu ya hati yenyewe kwamba anaikubali kwa ajili hiyo, kisha atie saini. Asipotaja anamkubalia nani, sheria inachukulia kuwa ni mtoaji wa hati. Vivyo hivyo kwa mtu wa tatu anayelipa "for honour": malipo yake yathibitishwe na notari kwa maandishi, la sivyo yanahesabiwa kuwa ni hiari yake tu, wala hapati haki za kumdai aliyemlipia. Ukiandika "alikubali kwa heshima", msomaji atadhani mtu ameitikia kwa adabu. Andika "aliikubali ili kumsitiri mtoaji". Kusitiri ndiko hasa kunakofanyika: jina la mfanyabiashara lisichafuke sokoni.

"Debt of honour" nayo ina mtego wake. Si deni la fadhila. Ni deni la kamari, ambalo tangu sheria ya mwaka 1845 mahakama za Uingereza zilikuwa hazilisikilizi, likalipwa kwa uungwana tu. Hali hiyo iliondolewa na sheria ya kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kwa madeni hayo mwaka 2007, kwa hiyo tazama tarehe ya waraka kabla hujaweka maelezo yoyote. Mantiki hiyo hiyo utaiona katika kesi za zamani za makabaila wa Uingereza waliohukumiwa na makabaila wenzao. Kila mmoja alisimama, akaweka mkono kifuani, akatamka hukumu yake "upon my honour", bila kuapa. Kesi ya mwisho ya namna hiyo ilikuwa ya mwaka 1935, na utaratibu wenyewe ulifutwa mwaka 1948. Hapo fasiri kwa "naahidi kwa uungwana wangu", usitie neno la kiapo hata kidogo.

Nyaraka za kale ni nadra, lakini ukikutana na "Honour of Wallingford" jua ni milki ya ardhi, mashamba mengi chini ya bwana mmoja. Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, ndio waliolileta neno kwa Kifaransa chao.

Vyeti vya chuo ndivyo vinavyoleta madhara ya kweli. "Honorary degree" ni shahada ya heshima: mtu amepewa, hakuisomea. "Honours degree" ameisomea na kuifanyia mitihani, tena kwa kiwango cha juu kuliko shahada ya kawaida. Scotland, kwa mfano, ya kawaida ni miaka 3 na hii ni miaka 4. Ukiiita nayo "shahada ya heshima", umemfutia mtu masomo yake, na mwajiri anaweza kumkatalia kazi. Andika "shahada ya kwanza (Honours)", kisha daraja. Uingereza kwa kawaida daraja la kwanza huanzia alama 70, la pili la juu 60, la pili la chini 50, la tatu 40.

Mahakamani, kwenda Kiswahili ni rahisi: wote ni "Mheshimiwa". Kazi ni kurudi Kiingereza. Kule Uingereza jaji wa Mahakama Kuu ni "My Lord" au "My Lady", na "Your Honour" ni wa Circuit Judge, aliye chini yake. Marekani majaji karibu wote ni "Your Honor". Bungeni London kila mbunge ni "honourable", na neno hilo linamlinda: Julai 2021 mbunge Dawn Butler alisema Waziri Mkuu amedanganya, akakataa kufuta kauli, akatolewa nje kwa siku hiyo. Aliyeitwa mwongo alibaki na cheo chake.

Ukiletewa karatasi za jeshi la Marekani, soma kwa makini fomu DD 214, anayopewa askari akiondoka jeshini, inayoeleza ameondoka kwa hadhi gani. "Honorable" na "General (Under Honorable Conditions)" si kitu kimoja: ya pili inaweza kumkosesha askari msaada wa masomo. "Dishonorable" ni adhabu ya mahakama kuu ya kijeshi. Kamanda hawezi kuitoa peke yake. Fasiri "kufukuzwa jeshini kwa fedheha", na "bad conduct" iwe "kwa utovu wa nidhamu". Usizichanganye.

La tahajia: Uingereza "honour" ina u, lakini "honorary" na "honorarium" hazina, hata kwao. Na jina la Kimarekani, kama Medal of Honor, usiliongezee u yoyote hata kama waraka wote umeuandika kwa Kiingereza cha Uingereza.

Nitumie ile hati ya hawala ukishaifasiri, niipitie kabla hujaikabidhi.

Mama yako