Mmeniuliza Swali Lile Spika Ikiwa Wazi: Barua kwa Kampuni Inayoandikisha Washiriki wa Tafiti za Afya kwa Simu

Kwa Meneja,
Idara ya Tafiti kwa Njia ya Simu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NAMNA MNAVYOWAANDIKISHA WASHIRIKI WA UTAFITI WA AFYA KWA SIMU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nikutoe wasiwasi: siandiki kwa sababu nachukia kupigiwa simu. Mimi ni mwalimu wa takwimu, na tafiti za afya kwa simu nazitetea darasani kila muhula. Najua kumtuma mhojaji nyumba kwa nyumba ni gharama na huchukua miezi. Najua pia kwamba mwaka 2020, wahojaji walipozuiwa kubisha hodi kwa sababu ya Uviko-19, nchi nyingi zilibaki na simu tu kama njia ya kuuliza watu hali zao. Kwa hiyo mhojaji wenu aliponipigia nilipokea kwa moyo mweupe, nikakubali hata kabla hajamaliza kujieleza. Tatizo ni kwamba hakumaliza kujieleza hata baada ya hapo.

Alisema anapiga kuhusu "utafiti wa afya ya familia", kwamba kompyuta imeichagua namba yangu kwa kubahatisha, kwamba ni dakika tano tu, na kwamba nikimaliza nitatumiwa muda wa maongezi. Kisha, bila hata kuvuta pumzi: "Una umri gani, dada?" Hakusema nani anaugharimia utafiti. Hakusema majibu yangu yatatunzwa wapi, wala nani atayaona. Hakusema naweza kuruka swali au kukata simu nikitaka, bila kupoteza chochote. Hakutaja kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti, wala namba ya kupiga nikiwa na swali. Dakika tano zenyewe zilipita tukiwa bado kwenye vyakula na usingizi.

Mtasema hizo ni taratibu za makaratasi. Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa tangu hapo, linataka mshiriki aelezwe lengo la utafiti, nani anaugharimia, na haki yake ya kujitoa wakati wowote. Yote hayo yanasomeka kwenye simu kwa muda usiozidi dakika moja, kwa lugha ya kawaida, bila haraka. Mhojaji wenu alikuwa na muda wa kunitajia zawadi mara mbili.

Halafu kuna hilo la kompyuta. Mtu akiniambia namba yangu imechaguliwa kwa kubahatisha, sina sababu ya kumkatalia, maana ndivyo kazi hii inavyofanyika: mashine inachukua tarakimu za mwanzo za mtandao fulani wa simu, inaziunganisha na nyingine za kubahatisha, inapiga. Nyingi ya namba hizo hazina mtu, chache zinapokelewa. Mashine ya namna hiyo haijui mimi ni nani. Sasa imekuwaje, katikati ya mazungumzo, mhojaji akaniita kwa majina yangu yote mawili, na tahajia ileile yenye kosa iliyoko kwenye usajili wa laini yangu, ambayo siitumii mahali pengine popote? Hakuwa ameniuliza jina. Nilipomuuliza amelitoa wapi, akasema, "Liko kwenye mfumo, dada," akaendelea na swali linalofuata. Naomba mnieleze kwa maandishi: ni mfumo gani, jina liliingiaje humo, na kama ni orodha mliyoinunua au kupewa, kwa nini wahojaji wenu wanafundishwa kusema ni bahati nasibu.

Niende kwenye lililonifanya niandike.

Mhojaji alinikuta nasahihisha mitihani. Simu ilikuwa mezani, spika imewashwa ili mikono yangu iwe huru, na mezani pale alikuwepo mume wangu na mama yake. Kwa maswali ya mboga za majani na saa za kulala hilo halikuwa na shida yoyote. Mama mkwe alikuwa hata ananisaidia kujibu. Ndipo, bila kubadilisha sauti wala kunitahadharisha, mhojaji akasoma: "Katika miezi 12 iliyopita, je, mume au mwenzi wako amewahi kukusukuma, kukupiga kofi au kukurushia kitu?"

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Mume wangu aliitazama simu, akanitazama mimi. Nilikuwa natafuta kitufe cha kuzima spika, na sauti ya mhojaji ikajaa chumbani mara ya pili: "Jibu ndiyo au hapana, dada. Nikusomee tena?"

Kwangu mimi yaliishia kwenye aibu, na baadaye kwenye kicheko. Jibu langu ni hapana, na mume wangu hana la kuficha. Lakini ninyi hamkulijua hilo mlipouliza. Swali hilohilo mnalisoma kwenye simu za wanawake ambao jibu lao ni ndiyo, na aliyekaa pembeni ndiye anayewapiga. Mwanamke wa namna hiyo akijibu ukweli, amejishtaki. Akidanganya, takwimu zenu zimeharibika. Akinyamaza, anayesikiliza atajijazia mwenyewe. Na akikata simu, ataulizwa usiku kucha ni nani aliyekuwa anapiga na kwa nini amekata. Hakuna njia salama ya kutoka kwenye swali hilo likishasikika chumbani. Usalama wake ulitakiwa kutengenezwa kabla.

Wala hili si jambo jipya linalosubiri mtu wa kuligundua. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maadili na usalama kwa watafiti wa ukatili dhidi ya wanawake majumbani. Mwongozo huo unaweka usalama wa anayehojiwa mbele ya kila kitu, unataka mahojiano yafanyike faraghani, unataka mhojaji awe amefunzwa mahususi kwa kazi hiyo na awe tayari kubadilisha mada mtu akiingia, na unataka mwenye kuhitaji msaada aelekezwe pa kuupata. Uliandikwa kwa ajili ya mhojaji anayeona chumba kwa macho yake. Mhojaji wa simu haoni kitu. Yeye ndiye anayepaswa kuuliza zaidi. Uko peke yako? Simu iko kwenye spika? Tuendelee sasa au nikupigie saa nyingine? Mtu akiingia ghafla, sema "namba siyo", nami nitakata. Maswali yatungwe hivi kwamba jibu ni tarakimu tu, ili aliye karibu asikie "mbili" na asijue mbili ni nini. Mambo haya hayahitaji mtambo mpya, yanahitaji sentensi chache mwanzoni mwa dodoso.

Najua mtanijibu kwamba jina la jumla, "afya ya familia", linatumika kwa makusudi, ili watu wengine nyumbani wasijue utafiti unahusu nini. Ni kweli, na ni busara. Ila jina hilo ni la kuwaambia wale wengine. Mshiriki mwenyewe alipaswa kuambiwa, akiwa peke yake na kabla ya sehemu hiyo kuanza, kwamba yanakuja maswali ya nyumbani ambayo ni mazito na anaweza kuyakataa. Ninyi mmelitumia pazia kumficha hata yule mliyetakiwa kumkinga. Na kama ningejibu ndiyo, je? Hadi simu inakatika sikupewa namba hata moja ya mahali pa kupata msaada. Swali lililofuata lilikuwa kuhusu chandarua.

Muda wa maongezi haukuja. Sidai, wala si kwa ajili yake niliongea, ingawa kwa watu wengi hicho ndicho kilichowafanya wabaki kwenye simu, na kuahidi kisha kutotuma ni kumla mtu muda wake. Kilichokuja badala yake ni ujumbe: "Ndugu mshiriki, asante kwa kujibu maswali yetu kuhusu ukatili wa kijinsia. Maelfu wameshashiriki. Tutawasiliana nawe kwa awamu ya pili." Ujumbe huo ulitokea kwenye kioo cha simu ikiwa imefungwa, mbele ya yeyote aliyekuwa karibu. Kumbe lile jina la jumla mlilolilinda kwenye mazungumzo mmekuja kulivunja wenyewe kwa maandishi! Nani aliusoma ujumbe huu kabla haujatumwa? Na mmefikiria simu zinazotumiwa na watu wawili watatu katika nyumba moja? Mmefikiria laini zilizoachwa, ambazo kampuni za simu huzirudisha sokoni na kumpa mtu mwingine kabisa? Awamu yenu ya pili itafika na kumwambia mgeni huyo mambo ya mwenye namba wa zamani.

Nilipiga namba iliyonipigia ili kuhakiki. Haipokei simu zinazoingia. Wakati wa mahojiano nilikuwa nimemwomba mhojaji anithibitishie kuwa ni mtu wa kampuni kweli, akajibu, "Niamini tu, dada, sisi siyo matapeli." Tapeli naye husema hivyohivyo, tena kwa upole zaidi. Siku hizi tunawafundisha wazazi wetu wasimpe taarifa zao mtu wasiyemjua aliyepiga simu na kuahidi zawadi. Halafu mnakuja ninyi, kwa namba ya kawaida isiyopokea, na zawadi mkononi, mnaomba umri, magonjwa na siri za ndoa. Anayewakatia simu anafanya jambo la akili, na mnamhesabu kama "aliyekataa kushiriki". Ujumbe mfupi wa kutangulia, namba ya bure ya kuhakiki, na tamko la wazi kwamba hamtauliza kamwe namba ya siri wala fedha, vingewatofautisha.

Mdogo wangu wa kiume naye alipigiwa, utafiti uleule. Yeye aliulizwa kwanza kama ana kisukari, kama anatumia dawa yoyote, kama amewahi kupimwa magonjwa kadhaa, ndipo akaulizwa umri. "Asante kaka, kundi lako limeshajaa." Simu ikakatwa. Vijana wa kiume hujaza nafasi haraka katika tafiti za simu, kila anayefanya kazi hii anajua; wanaotafutwa kwa tochi ni wanawake wa umri mkubwa. Basi umri na jinsia viulizwe mwanzo, na magonjwa yasubiri. Majibu yake yako wapi sasa, ikiwa hamkuyahitaji?

Mnaweza kudhani nawapimia kwa mizani ya maadili tu. Hapana, nazungumzia pia ubora wa kazi mnayomuuzia mteja wenu. Taasisi ya Pew ya Marekani iliripoti kwamba katika tafiti zake za simu, waliokubali kuhojiwa walishuka kutoka asilimia 36 mwaka 1997 hadi asilimia 6 mwaka 2018. Mlango huo unazidi kufungwa, na kila simu kama ile mliyonipigia mimi inausukuma kidogo. Wala msijivunie hayo "maelfu". Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la huko Marekani lilikusanya kadi za kura ya maoni zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Wingi haukuwasaidia, kwa sababu waliorudisha kadi hawakufanana na wasiorudisha. Katika utafiti wenu, anayekata simu akisikia swali la kipigo ana uwezekano mkubwa wa kuwa ndiye hasa mliyekuwa mnamtafuta. Mkishampoteza, hakuna uzani wa takwimu, yaani kuyapa majibu ya waliobaki uzito zaidi ili kufidia waliokosekana, utakaomrudisha, kwa sababu hamjui hata kama alikuwepo. Ripoti itasema ukatili ni mdogo, na kuna mtu ataitumia kupunguza fedha za huduma.

Ninachotaka ni hiki. Sehemu ya maswali ya ukatili isimamishwe leo, siyo mwisho wa awamu, hadi dodoso liwe na maswali ya faragha, neno la kukatia simu na namba ya msaada. Ujumbe ule wa shukrani usitumwe kwa mtu mwingine yeyote kwa maneno yale. Nitumiwe nakala ya kibali cha kamati ya maadili pamoja na maelezo ya ridhaa yaliyoidhinishwa, nilinganishe na nilichosomewa. Na kamati hiyo mwijulishe kilichotokea, maana ni wajibu wenu kuieleza, nami nitaiandikia nikishajua ni ipi. Majibu yangu na ya mdogo wangu yafutwe, na tuthibitishiwe hivyo. Suala la jina langu nimeshaeleza juu.

Mhojaji msimwadhibu. Alikuwa anasoma kilichoandikwa mbele yake, kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa idadi ya dodoso zilizokamilika, na nilisikia wenzake nyuma yake wakisoma maneno yaleyale. Aliyeandika ndiye anayetakiwa kunijibu.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitalipeleka suala hili kwenye mamlaka inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi.

Wenu,
Mshiriki wenu
(Majina yangu mnayo tayari, mkinijibu, rekebisheni ile tahajia.)