Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2022: Kodi ya Mafuta na Nauli Zetu

Ndugu wanachama, wazee wetu mlioanzisha steji hii ya Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na kina mama ambao magari yenu yako barabarani sasa hivi huku ninyi mmekaa hapa,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Mafuriko ya Mbale ya mwisho wa Julai, yale ya mito Nabuyonga na Namatala, yalitukatia njia na kuwaua abiria na majirani tuliowafahamu. Michango yenu ilifika kwa wafiwa na kamati inawashukuru. Ebola ilipotangazwa Mubende mwezi Septemba tulirudisha ndoo za kunawa mikono steji, na wengi wenu mlizitumia. Waliozitumia kuoshea magari wanajijua.

Hayo nimeyapitia mbio kwa makusudi, maana najua kilichojaza viti leo. Ni ile karatasi iliyozunguka steji ikikusanya sahihi, ya kutaka chama kiiombe serikali isimamishe kodi ya petroli na dizeli mpaka bei itulie. Kamati haikuipigia muhuri. Mna haki ya kuambiwa sababu, hata wale watakaotoka hapa wamenuna.

Tuanze na kodi yenyewe. Mwaka 2022 lita ya petroli ilitozwa ushuru wa shilingi 1,450, dizeli 1,130. Kabla ya Julai 2021 ilikuwa 1,350 na 1,030, wakaongeza mia. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, haimo, mafuta ya gari yamesamehewa. Sasa sikilizeni vizuri hapa: ushuru huu haupandi bei inapopanda. Lita ikiuzwa 4,500, URA, mamlaka yetu ya mapato, ilichukua 1,450. Ikiuzwa 6,500, URA ilichukua 1,450 ileile. Jirani zetu Kenya mwaka 2022 walikuwa na VAT ya asilimia 8 juu ya mafuta, kwa hiyo kwao bei ikipanda serikali nayo inavuna zaidi. Kwetu sivyo. Ile elfu mbili iliyoongezeka kwenye pampu mwaka jana haikwenda Nakawa, makao makuu ya URA. Ilikwenda Mombasa na ng'ambo ya Mombasa: Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari, pipa la mafuta likavuka dola 120, na shilingi yetu nayo ikateleza mbele ya dola. Kuidai URA ifidie kilichosababishwa na vita ni ombi linalowezekana, lakini tujue kwamba ndilo tunaloomba.

Halafu kuna Januari ya 2022. Hakuna aliyeisahau Januari hapa Malaba. Shule zilifunguliwa tarehe 10 baada ya kufungwa karibu miaka miwili, kila mzazi akitaka kusafirisha mtoto na godoro lake, na wiki hizo hizo madereva wa malori walikuwa wamegoma upande wa pili kwa sababu ya kipimo cha korona cha dola 30. Foleni ya malori ikarudi nyuma ndani ya Kenya kilomita kwa kilomita, matenki ya mafuta yakiwa katikati yake. Bei ambayo Desemba ilikuwa chini ya elfu tano ikafika elfu kumi sehemu nyingine. Kuna sheli moja, sitaitaja, iliyofunga kipande cha katoni kwenye pampu kimeandikwa HAKUNA MAFUTA, na nyuma ya ukuta vijana wa boda walikuwa wakijaziwa chupa za maji, chupa moja moja, pesa kwanza. Kibao cha bei pale mbele kilikuwa kimeng'olewa namba zote.

Tuseme wiki ile serikali ingetangaza: kodi hakuna. Je, lita moja zaidi ingevuka mpaka? Hata moja. Mwenye sheli alikuwa na mafuta machache ardhini na wateja wengi kuliko mafuta, na bei aliipanga kwa kuangalia nyuso zetu, siyo kwa kuangalia ushuru. Ile 1,450 ingebaki kwake, naye angetuuzia kwa elfu kumi ileile. Kilichoshusha bei ni kipimo kile kuondolewa na malori kutembea. Ndiyo maana nasema kabla ya kuandika ombi lolote tujiulize kwanza bei imepanda kwa nini, kwa sababu kodi haitibu upungufu.

Katibu wetu, ambaye mnajua anavyopenda kusoma, ametuletea kamatini habari za walioijaribu dawa hii. Marekani mwaka huo huo majimbo kadhaa yalisimamisha kodi zao za petroli. Maryland ilitangulia, mwezi mmoja tu kuanzia katikati ya Machi, senti 36 na kitu kwa galoni. Georgia ikafuata na senti 29 na kitu, ikaongeza muda tena na tena mpaka Januari 2023. Connecticut ikaondoa senti 25. Watafiti wa Penn Wharton wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakapima ni kiasi gani cha kodi iliyoondolewa kilimfikia mwenye gari. Maryland ilikuwa asilimia 72. Georgia kati ya 58 na 65. Connecticut kati ya 71 na 87. Tena waliona kuwa nafuu hiyo mara nyingi haikudumu kipindi chote cha msamaha. Ilianza vizuri ikaanza kupungua. Rais Biden aliomba mwezi Juni kodi ya taifa, senti 18.4 kwa galoni ambayo haijabadilika tangu 1993, isimamishwe miezi mitatu. Bunge lake halikumpa.

Ujerumani walipunguza kodi kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, na huko sehemu kubwa ya punguzo ilifika kwenye pampu. Sisemi basi kwamba haifanyi kazi popote. Inategemea nani yuko katikati, na mafuta yapo au hayapo.

Najua hoja ya wenzetu wa karatasi, na ni hoja nzito: hata asilimia 70 ni bora kuliko sifuri. Asilimia 70 ya 1,450 ni shilingi 1,015. Boda anayechoma lita tatu kwa siku angebakiza elfu tatu na ushee, hiyo ni posho ya jioni nyumbani kwake. Sikatai. Lakini asilimia 70 ile ni ya nchi ambayo kila sheli inaandika bei kwa namba kubwa zinazoonekana ukiwa bado barabarani, na dereva akiona senti mbili zaidi anakwenda ya ng'ambo. Sisi biashara ya mafuta iliachiwa huria tangu miaka ya tisini. Kenya wana mamlaka ya nishati, EPRA, inayotangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14, Tanzania wana yao, EWURA, kila mwezi. Hapa mwenye sheli anaamka na bei yake. Ukienda ndani kidogo, njia yote ina sheli mbili, na mara nyingine zote mbili ni za ukoo mmoja. Nani angemlazimisha ashushe?

Na hebu tusiwaseme wenye sheli peke yao. Januari sisi tulipandisha nauli siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, abiria wengine wakiwa tayari wamekaa ndani ya gari. Mafuta yaliposhuka mwezi uliofuata, nauli ilishuka lini? Nawauliza, na sihitaji jibu kwa mikono kunyooshwa. Kodi ikisimamishwa, pesa ile itapita kwa mwingizaji, kwa mwenye depo, kwa mwenye sheli, kwa mwenye gari, kwa dereva, kwa kondakta, ndipo imfikie yule mama mwenye kikapu cha nyanya anayekwenda Tororo. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kubakiza kidogo. Serikali ikituuliza tutamhakikishiaje mama yule nauli yake itashuka, chama hiki hakina jibu.

Kuna jambo la haki pia. Punguzo la kwa lita humpa zaidi anayechoma zaidi. Boda wa lita tatu angepata 4,350 hata kama punguzo lote lingemfikia. Bwana mkubwa anayejaza lita themanini kwenye gari lake la kwenda Kampala angepata 116,000 kwa kujaza mara moja. California walikataa kusimamisha kodi, wakawatumia watu fedha moja kwa moja, wenye kipato kidogo wakipewa zaidi. Sisemi serikali yetu ingeweza hilo. Nasema kuna njia nyingine za kumfikia mtu kuliko kupitia pampu.

Mtaniambia: Kenya je? Ni kweli, mwaka jana wengi wetu tulivuka kwenda kujaza Busia na Malaba ya upande ule, maana kwao ruzuku iliishika bei. Lakini mnakumbuka pia Aprili, ruzuku ilipochelewa kulipwa kwa makampuni, Kenya nzima ikapanga foleni kwenye sheli, na sisi tunaopata mafuta kupitia kwao tukaumia pamoja nao. Septemba serikali mpya ya Ruto ikaondoa ruzuku ya petroli, na lita ikaruka Nairobi kutoka shilingi 159 na senti hadi 179 na senti kwa usiku mmoja. Msamaha wa kodi nao una siku yake ya mwisho. Marekani mwaka 2000 Illinois na Indiana zilisimamisha kodi ya mauzo ya petroli kwa muda. Kodi ilipoondolewa, kama asilimia 70 ilimfikia mnunuzi, lakini iliporudishwa alibebeshwa asilimia 80 hadi 100. Kushuka bei ina uvivu. Kupanda, haina.

Rais Museveni alikataa kupunguza kodi, na siku ya wafanyakazi tukaambiwa asiyepata mkate ale muhogo. Msije mkadhani kamati inakubaliana naye kwa sababu zile. Muhogo tunaupenda, lakini hauendeshi gari. Sisi tunakataa ombi hili kwa sababu nafuu yake haina uhakika wa kutufikia, wakati hasara yake ina uhakika: bajeti ikikosa fedha hizo, cha kwanza kukatwa ni matengenezo ya barabara. Mfuko wa Barabara ulioundwa kwa sheria ya 2008 ulikusudiwa kulishwa na tozo za sisi watumiaji. Mpaka mwaka 2022 ulikuwa bado unangoja mgao wa Hazina. Sisi tunalipa mara mbili, kwenye pampu na kwa fundi wa springi.

Barua ambayo kamati imeandaa badala ya ile karatasi inaomba mambo ambayo yanaweza kuangaliwa kwa macho. Kodi ya mafuta isiongezwe tena mwaka ujao wa fedha. Wizara ya Nishati itangaze kila wiki gharama ya lita inapofika Uganda, kabla ya faida ya mtu yeyote, ili tujue anayetukamua ni nani. Kila sheli ilazimike kuonyesha bei barabarani, na katoni ile iwe kosa. Matenki ya akiba ya Jinja, yenye uwezo wa lita milioni 30, yajazwe na kukaa yamejaa. Na tozo tunazolipa ziende Mfuko wa Barabara moja kwa moja.

Kwa upande wetu, kamati inapendekeza nauli ibandikwe steji kwa maandishi, ikiwa na bei ya mafuta iliyotumika kuipanga, na mafuta yakishuka nauli ishuke ndani ya juma moja. Najua hili halipendwi. Lakini tukienda kuidai wizara iweke bei wazi huku zetu tumezificha, tutachekwa.

Nakala za barua ziko kwa katibu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwenye marekebisho ayaandike pembeni na kumrudishia kabla ya chakula. Kura itapigwa alasiri, muhuri wa chama ukiwa mezani, na ile karatasi ya kwanza nayo itapigiwa kura kama waliotia sahihi bado wanaitaka.