Mwanangu, yule mzee wa kamati kapewa cheti

Mwanangu,

Hujambo mama angu, sisi huku wazima, mdogo wako anakohoa kidogo tu ila hamna kitu. Nakuandikia badala ya kupiga maana nikipiga ntaanza kulia na we utasema mama umeanza, alafu bando lenyewe la mdogo wako, kanipimia kama mafuta ya kula ya shilingi mia tano. Asa hii ndefu, isome ukiwa umekaa.

Jumamosi ile shule uliyosoma kulikua na mkutano wa wazazi, wakampa heshima yule mzee wa kamati. Unamkumbuka, yule mstaafu wa reli, miwani yake ina kamba, daftari lake analibeba kwenye mfuko wa rambo, ingawa skuizi mfuko wa kitambaa maana rambo si walizipiga marufuku 2019. Diwani kachelewa saa moja na nusu, watoto wamechoka jua, wakaimba mara mbili wimbo uleule. Mzee kaitwa mbele kapewa blanketi na cheti kwenye fremu, watu makofi, vigelegele, na yeye badala ya kushukuru akavaa miwani akaanza kukisoma cheti kimyakimya pale mbele ya watu wote. Akamaliza. Akamgeukia mwalimu mkuu akasema mwalimu hapa mmeandika Mjumbe wa Bodi ya Shule, bodi ni ya sekondari, sisi msingi ni kamati. Akarudisha cheti kikarekebishwe! Blanketi akabaki nalo. Yaani watu walicheka mpaka mtendaji wa kata anafuta machozi, na mwalimu mkuu jasho linamtoka, lakini ndo mzee mwenyewe huyo, karatasi haipiti mbele yake bila kusomwa.

Na ndo maana wamempa. Miaka yote hiyo halipwi kitu, kikao kikiwa na soda ni bahati. Ile elfu kumi ya serikali kwa kila mtoto kwa mwaka, we mwanahesabu gawanya uone, haifiki hata mia tisa kwa mwezi, na hiyohiyo alikua anasema ibandikwe kwenye ubao wa matangazo imefika kiasi gani na imenunua nini, isipobandikwa anakuja kukaa kwenye benchi nje ya ofisi, hasemi kitu, anakaa tu. Ilipokuja hela ya kujenga madarasa mawili, si unajua mambo ya fosi akaunti, hamna mkandarasi, shule yenyewe inatafuta fundi na wanakamati ndo wananunua na kupokea vifaa, basi yeye akawekwa mapokezi. Gari la nondo likaja saa moja usiku, muuzaji anaharakisha, sainini wazee nina safari. Mzee akatoa kwenye ule mfuko wake kipande cha nondo ya milimita 12 akakilaza kando ya zile za kwenye gari, akamulika na tochi ya simu. Zilikua za 10. Gari liligeuza na nondo zake usikuusiku. Na saruji alikua anahesabu mifuko ikiingia, jioni anahesabu tena mifuko mitupu, anasema mtupu ndo unaonyesha saruji imeingia ukutani haijaingia nyumbani kwa mtu. Vibarua walimchukia sana yule mzee. Hata mimi nilimchukia, na hapo ndo nilipotaka kufika.

Kuna kitu sijawahi kukwambia.

Ukiwa darasa la tano, 2016, mwaka ule walioanza elimu bila ada, watoto wamejaa darasani kama dagaa kwenye gunia, nikawa nakubakisha mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, unisaidie kuanika. Si kila siku. Siku za giza tu, maana we unajua mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi haiendi, taa haivuti dagaa, ila mwezi ukizama, alfajiri mitumbwi inarudi imejaa na dagaa hana subira, usipomwanika jua likiwa kali na kumgeuza anaoza unamuuza chakula cha kuku. Nani atanisaidia, baba ako alishaondoka. Nikasema siku tano sita kwa mwezi si kitu.

Kumbe mzee alikua anaangalia rejista. Mwalimu anasema watoto wa huku ni watoro tu, wana malaria, wazazi hawajali, yeye akachukua rejista ya miezi kadhaa akaiweka pembeni ya kalenda ya mwezi, ile ya msikitini, akakuta utoro wote unakaa palepale, mwisho wa mwezi mwandamo na mwanzo wake. Akaja mwaloni kwetu Kibirizi asubuhi na ule mfuko wake. Akanikuta na we umeinama kwenye mchanga unageuza. Akasema mama, huyu leo ana jaribio la hesabu. Mwanangu nilimtukana yule mzee. Nilimwambia we umestaafu huna kazi unazunguka kuhesabu watoto wa wenzio, ungekua na mke wa maana angekutafutia shughuli. Kumbe mkewe alikua kafariki hata miezi mitatu haijafika, na mimi nilijua, nilikua kwenye mazishi!

Hakujibu. Akakwambia we nenda ukanawe miguu uende shule, akavua viatu, akakunja suruali, akainama pale ulipokua umeinama akaanza kugeuza dagaa. Mpaka adhuhuri. Alikua hajui, anawashika kwa ngumi anawavunja vichwa, wanawake wanamcheka, na mimi nimenuna sikumwonyesha hata namna ya kushika. Alipoondoka aliniambia kitu kimoja tu, wekeaneni zamu, mama mmoja anike za watatu, mtoto aje jioni kuanua. Na tulifanya hivyo, si kwa ajili yake, kwa sababu ilikua inalipa. We ulidhani mama kaamua mwenyewe.

Sio malaika lakini nikwambie. 2024 walipofunga ziwa Tanganyika watu wasivue, Mei 15 mpaka Agosti 15, ndani hamna hata shilingi, yeye kaja na daftari anatabasamu eti mahudhurio hayajawahi kupanda hivi. Nilitamani kumtupia sufuria.

Basi Jumamosi waliuliza nani mzazi ana neno. Nikasimama, nikakaa. Miguu iligoma kabisa. Wakapita wengine wakasema yale ya mikutanoni, mzee wetu nguzo yetu, mimi nimetazama chini. Jioni nikaenda kwake na dagaa kwenye ndoo, wale weupe waliokauka siku moja, nikamwambia mzee ile siku ya mwaloni. Akasema ipi. Nikamwambia, ile ya kunikuta na mtoto. Akafikiri, akasema aah, ile, mgongo uliniuma wiki nzima. Alafu akaniuliza yule binti yuko wapi saa hizi, nikasema Tabora anasomea uhasibu, akavaa miwani akafungua daftari akaandika. Sijui anaandika nini, nilitaka kuchungulia nikaona aibu.

Mpigie. Ana kiswaswadu, meseji hasomi vizuri, na piga kabla ya saa mbili usiku maana analala mapema. Mpe pole ya mgongo.

Furushi lako ntampa yule dada anaepanda treni Alhamisi, ukalipokee stesheni mwenyewe usimtume mtu. Litakua jepesi kuliko nilivyokuahidi, ile nusu nyingine ndo ile ndoo.

Mama ako