Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: vitambaa vya kusafishia vinavyoshonwa kwa mkono kutoka nguo kuukuu

Ndugu wanachama,

Mambo ya vikao na ada nimewaachia katibu na mhazini. Taarifa hii inahusu vitambaa vyenyewe: vipi vilidumu, vipi vilirudi vimechanika, na kwa nini. Vilivyorudi vilifumuliwa na wakaguzi tabaka moja baada ya jingine, na jambo walilolikuta ni kwamba vingi vilikuwa vimeshaharibika kabla ya uzi kuingia kwenye sindano. Makosa ya mshono yapo na nitayataja, lakini kosa kubwa la mwaka huu lilianzia pale nguo zinapochaguliwa. Ndiyo maana sehemu hiyo nimeirefusha kuliko nyingine.

KUCHAGUA NGUO

Kitambaa cha kusafishia kinatakiwa kunyonya maji na kuyaachia kinapokamuliwa. Pamba na kitani hufanya hivyo. Poliesta haifanyi, na nguo yenye poliesta nyingi huacha michirizi juu ya meza hata ukiipitisha mara kumi. Lebo za nguo kuukuu mara nyingi zimefutika au zimekatwa, basi pimeni wenyewe.

Kipimo cha kwanza ni tone la maji. Tandaza nguo kavu, dondosha tone moja, hesabu. Likizama ndani ya sekunde chache, nguo inafaa. Likikaa juu kama ushanga, kuna mawili: si pamba, au ni pamba ambayo nyuzi zake zimefunikwa na dawa ya kulainishia nguo. Hilo la pili linatibika. Loweka kwa saa moja kwenye maji ya moto yenye soda ya kufulia, fua kwa sabuni kidogo, suuza mara mbili, kausha, kisha dondosha tone upya. Likigoma tena, iweke nguo hiyo pembeni.

Kipimo cha pili ni moto. Kifanyike nje, juu ya sahani ya chuma, kipande cha sm 2 kikishikwa kwa koleo. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Poliesta husinyaa, huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Mchanganyiko wa pamba na poliesta huwaka na kuyeyuka kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hudanganyika kwa sababu huona majivu wakasahau kutafuta kidonge. Yaponde majivu kwa ncha ya koleo yakishapoa. Ukisikia punje ngumu, poliesta imo.

Kisha kuna suala la uchakavu. Nguo kuukuu ya pamba ni laini na hunyonya vizuri kuliko mpya, kwa kuwa dawa za kiwandani zimeshatoka kwa kufuliwa. Lakini uzee una kikomo chake. Shika kitambaa kwa mikono miwili, vidole gumba vikigusana, uvute kuelekea nje. Kikiachia kwa mlio mkavu kama wa karatasi, nyuzi zake zimekwisha. Kinyanyue pia kwenye mwanga: palipo na weupe unaopenya pamelika. Kipande cha namna hiyo kinaweza kuwa mjazo wa ndani, kamwe kisiwekwe nje.

Hapa ndipo tulipoanguka. Shuka huchakaa katikati, penye mgongo na nyonga za mlalaji, lakini kwa kuwa katikati ndipo penye eneo pana lisilo na mshono, wengi walianza kukata hapohapo. Anzeni pembeni na miguuni. Kwenye shati chukueni mgongo, na mwachane na kola na makwapa, maana jasho limeshayala. Kwenye suruali, kipande kizima kiko nyuma ya mguu, chini ya goti. Taulo huisha katikati na hubaki na afya kwenye ncha zake. Kanga na shuka nyepesi zinafaa kwa vitambaa vya kukaushia vyombo, ila si kila kanga ni pamba, kwa hiyo msiruke kipimo cha moto.

Jinzi ni nzuri kwa kusugulia, lakini rangi yake hutoka. Ifueni peke yake hadi maji ya kusuuzia yabaki meupe, la sivyo itaacha bluu ukutani. Fulana haimwagi nyuzi inapokatwa na haikwaruzi, hivyo inafaa kwa vioo na vumbi. Picha za mpira zilizochapwa kifuani zikatwe zote: hazinyonyi na hubanduka vipandevipande. Vifungo, zipu na ndoano zitolewe kabla ya kufua, si baada ya kushona. Tulikuta kishikizo cha chuma ndani ya kitambaa cha kufutia vioo.

KUKATA

Fueni nguo zote kabla ya kukata, hata zile zinazoonekana safi. Tabaka mbili zinazoruka, yaani kupungua zikifuliwa, kwa viwango tofauti zikishonwa pamoja hukunjamana kwenye ufuaji wa kwanza, na kitambaa hakitanyooka tena.

Kipimo tulichokubaliana kinabaki sm 20 kwa sm 30 baada ya kushonwa. Kikikunjwa mara mbili hujaa kiganjani, na mkono mmoja unaweza kukikamua. Kata kipande cha sm 42 kwa sm 32. Pinda sm 1 ndani kila upande, kisha kunja katikati ule upande mrefu: utapata sm 20 kwa sm 30, tabaka mbili, na kingo zote zilizokatwa zikiwa ndani. Taulo inatosha kwa tabaka mbili. Shuka na kanga zinahitaji mjazo wa tabaka mbili zaidi, zikatwe sm 19.5 kwa sm 29.5. Msipunguze zaidi ya hapo. Mjazo mfupi haukamatwi na mshono wa pembeni, na baada ya kufuliwa mara kadhaa hujikusanya kona moja kama soksi iliyosahaulika ndani ya suruali. Tabaka nne za taulo nazo ni kosa, kwa kuwa hazikamuliki vizuri na ndani hubaki mbichi hadi kitambaa kinaanza kunuka.

Kateni kwa kufuata uzi. Nguo mpya unaweza kuitia mkasi sm 2 ukaichana na ikanyooka, lakini nguo kuukuu ikichanwa hukimbilia palipolika. Vuta uzi mmoja taratibu hadi ubaki mfereji mwembamba, halafu pitisha mkasi humo. Kipande kilichokatwa hanamu huvutika upande mmoja kila kinapokamuliwa, na mstatili wako huishia kuwa tanga.

Zile kingo nene za taulo, zilizoshonwa kiwandani, zikateni. Huvunja sindano na hukwaruza. Zina kazi nyingine ambayo nitaieleza.

KUSHONA

Uzi uwe wa pamba. Uzi imara wa poliesta ukipita kwenye pamba iliyochoka huikata kidogokidogo kila kitambaa kinapovutwa. Ni afadhali uzi ukatike, kwa kuwa uzi hushonwa tena. Kata uzi wa mita 1, upitishe, ukunje uwe wa mara mbili: unabaki na sm 50 za kushonea. Mrefu kuliko huo hujisokota na kuchakaa kwenye tundu la sindano. Kwa mistari tunayoshona, kitambaa kimoja huhitaji kutungwa uzi mara sita hivi, yaani mita 6. Uzi wa mita 100 basi hutoa vitambaa 16. Mkiona unaisha kwenye kitambaa cha kumi na mbili, mshono wenu ni mfupi mno.

Kuhusu sindano kumekuwa na mkanganyiko. Kwa sindano za mkono, namba ikipanda sindano huwa nyembamba. Kwa za cherehani ni kinyume chake. Taulo inataka namba 3 au 4, shuka namba 5 hadi 7. Kwa taulo, vaeni subana, ile kofia ya kidole ya kusukumia sindano. Kusukuma sindano kwa kucha huipindisha, na sindano iliyopinda hutoboa tabaka la chini mahali pasipokusudiwa.

Shikizeni kwanza kwa pini au kwa bandi (mshono wa kupenya juu na chini kwa zamu) ndefu za sm 3 zitakazofumuliwa baadaye. Anzeni na msalaba wa kati: kutoka katikati kwenda kona moja, mrudi katikati, mwende kona nyingine, hadi kona nne zimeisha. Mshono wa pembeni ndio wa mwisho, mm 7 kutoka ukingoni, ili ukamate ile sm 1 iliyopindwa ndani. Wengi hupenda kuanza pembeni kwa sababu panaonekana nadhifu. Ukifanya hivyo ziada ya kitambaa haina pa kutokea, hujikusanya katikati na kutengeneza kibofu, na msalaba ukipita juu yake unashona mikunjo. Ukianzia katikati, ziada husukumwa nje na ukingo huimaliza.

Mshono wenyewe ni bandi ya kawaida, juu mm 6, chini mm 6. Kuna aliyependekeza tuhamie cherehani ili kuharakisha. Kwa taulo zenye nguvu sina ubishi. Kwa shuka kuukuu nabaki na mkono, na hesabu ni hii: cherehani yenye mshono wa mm 2.5 hutoboa matundu 40 katika kila sm 10, bandi ya mm 6 hutoboa 17 hivi. Matundu yaliyosongamana kwenye kitambaa kilichochoka hufanya kazi ile ile ya vitundu vya kwenye karatasi ya stempu. Bandi pia haibani tabaka sana, hivyo maji na hewa hupita kati yake. Si uvumbuzi wetu. Japani kitambaa cha aina hii huitwa zokin, kwa desturi hushonwa kutoka taulo za zamani, na wanafunzi hukitumia kufutia sakafu za madarasa yao. Bengali nako sari zilizochakaa huwekwa tabaka kwa tabaka na kushonwa kwa bandi, kazi inayoitwa kantha.

Fundo la mwanzo lifichwe kati ya tabaka. Mwisho wa uzi msitegemee fundo, kwani taulo imefumwa wazi na fundo hupenya. Rudisha mishono miwili midogo nyuma, papo hapo, kisha pitisha sindano sm 2 ndani kati ya tabaka kabla ya kukata.

Vitambaa vya tabaka nne nyepesi vinahitaji mistari ya ziada kila sm 5, kwa sababu msalaba peke yake huacha pembetatu pana ambamo tabaka huteleza. Kwenye taulo msiongeze. Mistari ikizidi, kitambaa huwa kigumu kama mkeka na huchelewa kukauka.

Fulana ni habari nyingine. Huvutika, na bandi haivutiki, basi uzi hukatika mara ya kwanza kitambaa kinapokamuliwa. Shoneni kwa mshono wa kwenda na kurudi nyuma, bila kukaza, na kila baada ya sm 10 vuteni kidogo mhakikishe unanyooka nacho.

Sasa zile kingo za taulo: kata sm 10, kunja kiwe kitanzi, ingiza ncha zake sm 2 ndani ya kona kabla ya kushona ukingo, na urudishe mshono nyuma mara tatu. Kitanzi ndicho hubeba uzito wote wa kitambaa kilicholowa, na vingi mwaka huu viling'oka kwa sababu viliingizwa nusu sentimita tu.

MATUMIZI NA UFUAJI

Vilivyoshonwa sawasawa navyo vilirudi vimeoza, na hapa lawama ni ya ufuaji. Klorini hudhoofisha pamba. Kwa vitambaa vyeupe vya jikoni, kuchemsha kwa dakika 10 kunatosha, halafu kuanika juani vikiwa vimetandazwa. Anayelazimika kutumia klorini asiichanganye kamwe na siki, na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, maana hutoa hewa ya sumu. Dawa ya kulainishia nguo isiguse vitambaa hivi. Inarudisha tatizo lile lile tulilolitibu kwa soda.

Kitambaa kilichopauka hadi mwanga unapenya kinaweza kumalizia maisha yake kwenye kufutia mafuta. Wale wanaofanya kazi za mbao wasikie hili: matambara yenye mafuta ya linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) yakirundikwa hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila cheche yoyote. Yatandazwe nje moja moja hadi yakauke, au yazamishwe majini ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko.

KUANZIA MWAKA UJAO

Rangi ya uzi wa msalaba itaonyesha mahali pa kutumia: nyekundu chooni, bluu sakafuni, kijani jikoni, nyeupe kwa vioo. Hilo litazuia tambara la deki lisije likafutia sahani baada ya kufuliwa. Uzi wa rangi uloweshwe kwenye maji ya moto na kukaushwa kabla ya kushonea, kwani mwekundu hasa hutoa rangi.

Nguo zitakaguliwa mara mbili, wakati wa kupokelewa na baada ya kukatwa. Kila fungu litaandikwa limepimwa kwa kipimo gani, tone, moto au kuvuta, pamoja na jina la aliyepima. Vipande visivyofaulu visirudishwe kwenye kapu la wote. Kuna kapu la mjazo na kapu la mafuta, na yote mawili yatakuwa karibu na meza ya kukatia.

Wenye vitambaa vya mwaka huu ambavyo vimeng'oka kitanzi wavilete kwenye mkutano. Vitarekebishwa hapo hapo, vitanzi vya akiba vimeshakatwa.

Mwenyekiti