YAH: KUAMBIWA KWAMBA TUME YA JIMBO HAIWAHUSU

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa iliyobaki ni kidogo. Taratibu za kusoma mita na za kupinga bili mnazijua, mmezitunga wenyewe. Ninacholalamikia ni jibu nililopewa dirishani kwenu nilipoomba bili yangu ya gesi, mliyoikadiria bila kusoma mita, isimamishwe hadi Tume ya Huduma za Umma ya New York, inayosimamia kampuni za gesi jimboni, ilitazame shauri langu. Ofisa wenu hakuisoma barua yangu. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu chini ya kioo, ikaanguka sakafuni, akatangaza kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima kwamba gesi yenu inatoka Pennsylvania, kwa hiyo Tume ya New York haiwahusu.

Hoja hiyo ilishindwa mwaka 1920. Kampuni iliyovuta gesi kwa bomba kutoka Pennsylvania na kuwauzia wakazi wa Jamestown, New York, ilidai hayo hayo mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakama ilikubali kwamba biashara ile ilivuka mpaka wa majimbo, lakini ikaamua kwamba kumuuzia mlaji gesi nyumbani kwake ni jambo la mahali alipo, na kwamba jimbo laweza kusimamia bei maadamu Bunge la Marekani halijaingilia kati. Bunge lilipotunga Sheria ya Gesi Asilia mwaka 1938, liliuacha usambazaji wa ndani mikononi mwa majimbo.

Wanasheria wenu wameniandikia wakiegemea hukumu ya 1924 ya Missouri dhidi ya Kansas Natural Gas. (Notisi ya kunikatia gesi ilikuwa imekwisha kutangulia, shauri likiwa bado wazi.) Je, waliisoma hadi mwisho? Hukumu ile ililizuia jimbo kupanga bei ya gesi ya jumla inayouzwa kwa kampuni za usambazaji, na yenyewe ilisema kesi ya Jamestown ni tofauti, kwa kuwa pale gesi iliuzwa moja kwa moja kwa walaji. Mimi si msambazaji. Nina jiko na tanuri la kupashia nyumba joto.

Lakini hukumu si kitu kilichoniuma kama dirisha lile. Barua niliyoiandika kwa adabu ilisukumwa kwa kalamu kama uchafu, nikainama kuiokota mbele za watu, na kabla sijainuka ofisa wenu alikwisha kuita, “Anayefuata!” Wala hakunitazama.

Nataka bili ile ifutwe na isomwe upya kutoka kwenye mita. Nataka pia radhi ya maandishi kutoka kwako wewe, si kutoka kwa ofisa yule, pamoja na tamko kwamba mnaitambua mamlaka ya Tume, libandikwe kwenye dirisha lile lile. Nisipopata yote hayo ndani ya siku 14, malalamiko haya yatafika kwenye Tume, na mkithubutu kunikatia gesi kabla haijaamua, tutakutana mahakamani.

Mteja wenu.