Kwa mama aliyeshuka Lugazi

Shikamoo mama. Sikukuuliza jina, na hilo bado linaniuma. Mimi ni yule mwalimu wa Kiswahili uliyekaa naye kwenye teksi ya Jinja, aliyekuwa akisahihisha insha mapajani huku kikapu chako cha nyanya kikimbana goti.

Zilikuwa insha 38 za kidato cha pili, "Siku niliyojifunza jambo", na karibu zote zilianza na "Maisha ni safari ndefu" zikaishia kwenye methali. Ulichungulia moja, ukaisoma hadi mwisho, kisha ukauliza, "Mwanangu, mbona mtoto mwenyewe simwoni humu?" Nikacheka kwa aibu. Ukasema wewe ungewauliza kwanza siku hiyo walishika nini mkononi. Basi. Lugazi ukashuka, sisi tukaingia msitu wa Mabira.

Jumatatu niliandika swali lako ubaoni na kupiga marufuku methali (mimi, mwalimu wa Kiswahili!). Msichana mmoja ambaye huwa havuki mistari mitano akaniletea kurasa mbili: dumu la njano lililopasuka njiani kutoka kisimani, na jinsi alivyomsingizia mdogo wake. Fimbo alizochapwa yule mdogo alizihesabu moja moja. "Nilijifunza kwamba" haimo hata mara moja. Aliandika tu kuwa tangu siku ile madumu yote mawili hubeba yeye.

Asante sana, mama. Nyanya mbili zilizodondoka chini ya kiti nilizila, unisamehe.