Usiku wa Halloween tuogope magari kuliko pipi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili hapa Louisville na kwingineko Marekani, kwa kuwa sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, inakaribia na watoto wetu, tupende tusipende, watataka kutoka na wenzao kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Kanisani na katika makundi yetu ya WhatsApp nimesikia yakizungumzwa mambo mawili tu: kwamba sikukuu hiyo ni ya mashetani, na kwamba wapo watu wanaotia sumu katika pipi za watoto. Sijasikia mtu akitaja magari.

Mwaka juzi mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alitoka amevaa vazi jeusi la popo na kinyago cha plastiki, ameshikwa mkono na dada yake wa miaka kumi na moja, nami nikiwa nyuma yao hatua chache. Alipoona taa za kibaraza cha nyumba ya ng'ambo alimponyoka dada yake, akapenya katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa na kutokea barabarani. Nilisikia breki kabla sijaona kitu. Gari lilisimama karibu naye kiasi kwamba ndoo yake ya pipi ilibingirika hadi chini ya bampa, na mzee aliyekuwa akiendesha alishuka akitetemeka mikono. Mwanangu alikuwa analia, lakini alililia pipi zake. Gari hakuwa ameliona kabisa. Nilipomgeuza nikakuta kinyago kimeteleza, tundu la jicho moja liko shavuni.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la JAMA Pediatrics, ambao ulipitia ajali za Marekani za miaka 42, tangu 1975 hadi 2016. Watafiti walikuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa jioni ya Halloween ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada yake, na kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 ilikuwa mara kumi. Saa iliyokuwa mbaya zaidi ni karibu na saa kumi na mbili jioni, ambapo giza linaanza kuingia, watu wanarudi kutoka kazini na watoto ndio kwanza wanatoka.

Kuhusu sumu, Profesa Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia habari hizo kuanzia zile za mwaka 1958, na hajathibitisha hata kifo kimoja cha mtoto kilichotokana na mtu baki kugawa pipi zenye sumu ovyo. Mtoto aliyekufa Texas mwaka 1974 aliwekewa sumu katika pipi ya Halloween na baba yake mwenyewe, aliyekuwa akitafuta fedha za bima. Kukagua pipi ni vizuri, hasa kwa mtoto mwenye mzio wa karanga au mdogo anayeweza kukabwa na pipi ngumu, ila ukaguzi huo hufanyika mezani, wakati mtoto ameshafika nyumbani salama.

Wengi wetu tulikulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, ambako mtoto alizunguka hadi jioni na kila mama aliyekuwa njiani alijua ni wa nani. Mazoea hayo tumekuja nayo, ndiyo maana tunamkabidhi mtoto wa miaka tisa wadogo zake watatu na kuona tumewapa ulinzi. Halloween inahitaji mtu mzima anayetembea nao, mwenye tochi, anayewamalizisha nyumba za upande mmoja kabla ya kuwavusha kwenye kona. Vazi jeusi libandikwe utepe unaoakisi mwanga, mbele na mgongoni, na kinyago kiachwe nyumbani. Rangi za kupaka usoni zinatosha.

Najua jibu nitakalopewa: wazazi wengi wako zamu ya jioni kwenye maghala na hawana namna ya kuomba ruhusa. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimefanya zamu hizo kwa miaka minne. Lakini panapotokea msiba tunapangana kwa saa chache nani apike na nani awabebe wageni kwa gari lake. Katika majengo ya apatimenti tunakoishi, akina mama wawili na baba mmoja wakiwa na nafasi jioni hiyo wanaweza kuongozana na watoto kumi na wawili. Kwetu sisi tumeshapata watu wazima wanne, tutaondoka saa kumi na moja na nusu kungali mwanga, na mzazi jirani aliye kazini siku hiyo atuletee wanawe kabla hajaondoka.

Mama wa watoto watatu,
Louisville, Kentucky